Puleki Ndani ya Finjani

Khole binti Mutasim alilikuta begi kabla ya kumkuta mwenye begi. Lilikuwa limesimamishwa mlangoni mwa ofisi ya mkurugenzi, begi la samawati lililofungwa kamba kwa kuwa zipu yake imeshajifia, na juu yake wameweka tikiti ya ndege na bataka, ile kadi ya ukaazi, kama anavyowekewa maiti karatasi ya jina lake.

"Ndege yake saa kumi na nusu," alisema Aflah, mkurugenzi. "Gari inamchukua saa saba. Mpaka hapo, Bi Khole, kazi ni yako."

Saa ya ukutani ilikuwa inasema saa tano na robo. Khole alikaa forodhani miaka ishirini na saba, bandarini kwanza kisha uwanja wa ndege, akipekua mizigo ya wanawake wenzake, na alipostaafu, watu wa Maskati wasiotaka kwenda polisi wakawa wanakwenda kwake. Alikuwa na goti bovu, Kiingereza cha bandarini, na pua ambayo mashekhe wawili na balozi mmoja waliwahi kuilaani. Miaka yote ile ilimfundisha kwamba mtu mwenye haraka ya kumsafirisha mshukiwa ama ana hatia ama ana wageni.

Aflah alikuwa na wageni. Watu kumi na tisa kutoka Melbourne, Australia, walikuja Ukumbi wa Falaji kuonesha mchezo wa mwaka 1913, katika ile michezo ya kuchekesha yenye nyimbo na ngoma waliyokuwa wakiipenda bibi zao. Zamani hizo kampuni ikipakia mapazia, vinanda na wasichana ndani ya meli, ikaenda mji baada ya mji, na kila mji mchekeshaji anaongeza ubeti wa kuwasema wenyeji. Hapa Maskati keshaongeza wa kamera za barabarani na faini ya gari chafu. Mchezo wenyewe uliitwa *Mrembo wa Duka la Glavu*, na aliyeucheza mwanzo, Miss Dulcie Farrant, alikuwa na jina hata picha zake zikiuzwa kwenye kadi za posta, na wasichana wa viwandani wakipanga foleni toka alfajiri, mkate ndani ya karatasi, ili wapate viti vya juu vya bei rahisi.

Gauni la Miss Dulcie ndilo lililopotea. Jekundu, la hariri, puleki elfu nne, vile vipande vya kumeremeta, zimeshonwa kwa mkono. Halikuletwa livaliwe. Lilikuwa lisimamishwe jukwaani peke yake juu ya sanamu, mwisho wa mchezo, wote waliimbie. Onyesho la kwanza lilikuwa usiku wa siku ile ile. Saa mbili asubuhi wakafungua mfuko wake, wakakuta mfuko.

"Na huyu mmemshika kwa nini?" aliuliza Khole.

Aflah akafungua kikaratasi. Ndani mna puleki moja nyekundu, ndogo kama gamba la dagaa. Imekutwa kwenye ufagio wa Mwanahamisi, msafishaji, mtu wa Tanga. Funguo za chumba kile ziko tatu, alieleza: moja ya wageni, moja ya Loai wa taa, moja ya wasafishaji. Wageni hawawezi kujiibia, Loai ni mtoto wa watu. Kwa hiyo.

"Puleki moja," alisema Khole. "Gauni lina elfu nne."

"Ndiyo ushahidi uliopo."

"Mwanangu, mie nikifagia kwenu, ufagio ukatoka na unywele wa mamako, nishamwiba mamako?"

Aflah hakucheka. Khole alikuwa anatazama ubao wa funguo nyuma ya kiti chake. Ndoana zilikuwa nne.

"Na hii?"

"Hiyo yangu mimi."

"Haihesabiki?"

"Bi Khole, yangu mimi."

Akakitia kile kikaratasi mkobani, akatoka.

Mwanahamisi walimkalisha stoo, baina ya ndoo na karatasi za chooni. Mwanamke wa miaka arobaini hivi, mwembamba, mikono juu ya magoti kama anapigwa picha. Alimsabahi Khole kwa shikamoo kamili, Khole akaitika marahaba, akajivutia ndoo, akaigeuza, akaikalia. Goti likalalamika kwa niaba ya wote wawili.

Akamwuliza siku ya jana. Mwanahamisi akasema alitoka na basi la wafanyakazi saa kumi kamili, basi la Darsait, na dereva hangoji mtu. Leo kaingia saa kumi na mbili alfajiri, akafagia vyumba vyote, na kile chumba cha nguo nacho kakifagia. Mfuko ulikuwa unaning'inia, zipu juu. Hakuugusa. Chini palikuwa na zile puleki sita saba, akazizoa na taka.

"Kulikuwa na nini tena chumbani? Harufu? Uchafu?"

"Harufu nzuri tu, mama. Kama ya harusi."

Kisha Khole akamwuliza walivyompekua. Hapo Mwanahamisi akatazama ndoo. Alisema walimwita kwenye chumba cha wageni saa mbili na nusu, wale wasichana kumi na wawili wa Kizungu wamekaa wanakunywa kahawa, na kafili wake, mdhamini wake wa kampuni ya usafi, kaja mbio. Wakaumimina mkoba wake juu ya meza. Kitana, chaja, dawa za presha, pedi, picha ya wanawe. Pedi moja ikabiringika mpaka mguuni kwa mcheza kinanda wao.

"Nimefanya kazi nchi hii miaka tisa," alisema. "Sijawahi kurudishwa hata na sabuni ya mtu. Nikipanda ile ndege, mama, kijijini watu hawatauliza kama niliiba. Watauliza niliiba nini."

Pembeni yake palikuwa na boksi la halwa, lile la dhahabu lenye utepe, na doti ya leso mpya. Khole akauliza ni vya nani.

"Vyangu. Yule mama mkubwa kanipa, mama yake bosi. Kaniletea mwenyewe hapa. Kasema nikawape watoto."

"Lini?"

"Walipomaliza tu kunisachi."

Khole akainuka kwa kushika rafu. Hakumwambia usijali wala Mungu yupo, maana aliona amekwishaambiwa hayo yote na watu waliomfungia stoo. Alimwambia asipande gari mpaka amwone yeye.

Mama yake bosi, yaani mamake Aflah, Khole alimkuta ukumbini, njiani. Bi Manal, mwanamke mnene mwenye hatua za taratibu, dhahabu mkono wa kulia na simu mkono wa kushoto. Yeye ndiye aliyekuwa mwenyeji wa wageni: kahawa yake, halwa yake, chetezo chake cha udi kinachofuka toka mlangoni. Na ni shoga yake Khole toka wana miaka saba, mtaa wa Malindi, Unguja, wote wawili wakipigwa na mwalimu mmoja wa chuoni kwa kosa moja, la kucheka. Alikuwa anasema na mtu simuni kwa Kiarabu, anamwagiza nyekundu, si ya waridi, na iwe tayari kabla ya saa tisa. Alipomwona Khole akaikata.

"Yaa Khole, goti hilo linakuleta wapi?" alisema, akamkumbatia. "Mwache maskini wa Mungu ende zake kwao. Ana watoto. Ikiwa kaiba, Mungu atamjua."

"Na ikiwa hakuiba?"

"Basi Mungu atamjua zaidi," alisema Bi Manal, akacheka kidogo, akaenda.

Chumba cha nguo kilikuwa kidogo, hakina dirisha. Upande mmoja zilitundikwa nguo za siku hizi za wachezaji, zinang'ara vibaya. Upande wa pili, peke yake, ule mfuko wa Miss Dulcie, wa kitambaa cheupe, na kikaratasi kimeshonwa juu yake kwa Kiingereza na Kiarabu. Khole akavaa miwani. *Usilowanishe. Usipige pasi.*

Akaanza kama alivyokuwa akianza forodhani, kwa mikono mitupu na bila ya kuzungumza. Hanga ilikuwa inanata. Akafungua mfuko mpaka chini, akaugeuza ndani nje. Upande wa ndani, usawa wa kifua, palikuwa na baka jekundu, kavu juu, chini yake bado ulimbo. Akalibonyeza kwa ukucha, likavutika. Mwizi halowi jasho jekundu. Gauni hili, basi, lilikuwa limeshaharibika kabla halijaondoka, na aliyeliharibu alilirudisha kwanza mfukoni mwake, akafunga zipu, akasimama akifikiri.

Kisha akauleta mfuko puani. Kafuri ilikuwapo, ya kufukuzia nondo, kali na ya zamani. Lakini juu ya kafuri palikuwa na kitu kingine. Khole akafumba macho. Akavuta tena.

Alipofumbua alitazama juu. Darini, katikati, palikuwa na kile kidude cheupe kinachopiga kengele kikinusa moshi. Shingoni mwake umening'inia mpira mwembamba, mdogo, ule wa kofia ya plastiki ya kuogea, umekatika.

Khole aliutazama mpira ule mpaka shingo ikamwuma. Mzungu angeupita, na polisi mwanamume angeupita. Lakini kila mwanamke wa Kiomani aliyewahi kulala hotelini na nguo ya harusi anajua ile kofia ya kuogea inafaa kazi gani.

Alimwita Loai. Kijana huyo wa taa alikuja na uso wa mtu aliyekwishahukumiwa, na alipoulizwa jana jioni alikuwa wapi akajibu nyumbani, Amerat, toka saa kumi. Khole akamwambia mlinzi wa geti anasema kamwona anatoka saa kumi na moja kasoro, na mfuko mkubwa mgongoni. Loai akasema huenda. Khole akamwambia huenda ni jina la mji gani. Akatokwa na jasho. Kwa dakika tano mambo yote yalimwelekea yeye: ufunguo anao, kadanganya, na mfuko kabeba. Khole hakumpandishia sauti. Alikaa juu ya sanduku la nguo, akakunja mikono, akamtazama kama anavyotazamwa abiria aliyesema hana cha kutangaza.

Kijana akatoa simu. Ilikuwa mchumba wake, Lujain. Alitaka kupiga picha na gauni la Mzungu wa zamani, basi, dakika mbili, na ule mfuko ulikuwa na abaya yake na viatu vyake vya kisigino. Picha zilikuwa tisa. Lujain anatabasamu, gauni liko nyuma yake zima, linameremeta kama samaki aliyetoka majini sasa hivi. Saa imeandikwa pembeni: kumi na dakika ishirini. Na juu kabisa, kwenye pembe ya picha ya sita, darini, kidude cha moshi kitupu, hakina mpira wala kofia.

"Nisamehe, khaloo," alisema Loai. "Usimwambie Aflah."

"Ntamwambia," alisema Khole. "Maana wewe ulijua toka asubuhi kwamba saa kumi na ishirini gauni lipo na basi la Darsait limeshaondoka. Ukakaa na picha zako tisa mfukoni, yule mama anamiminiwa pedi zake mezani."

Kijana akasema kwamba hata hivyo yule alirudi asubuhi, angeweza kuliiba asubuhi. Khole akamjibu kwamba hilo Aflah angelisema mwenyewe, hakuhitaji kusaidiwa.

Akabaki Bi Noreen. Huyo ndiye mkubwa wa wageni, mwanamke wa miaka sabini mwenye nywele fupi nyeupe, bibi yake ndiye aliyekuwa fundi wa nguo wa kampuni ile ya zamani. Alikuwa amekaa safu ya mbele ya viti, peke yake, na mkasi mdogo wa bibi yake mkononi. Alimweleza Khole kwa upole, hata ikambidi Khole ashuke na yeye sauti. Gauni lile limeokoka moto mmoja wa jumba la michezo na mafuriko mawili. Limelala chini ya kitanda miaka arobaini. Hakumshitaki mtu, alisema, alilouliza lilikuwa gauni, na wenyeji ndio waliomletea mwanamke.

Khole akamwonesha ile puleki, akamwuliza mbona ni nyepesi vile. Bi Noreen akasema puleki za zamani hizo si plastiki. Zilikuwa zikipikwa kwa jelatini, ule ute wa mifupa na ngozi ambao watoto hulishwa kwa rangi na sukari. Ndiyo maana hazipendi maji. Wala pasi.

"Wala moshi wa makaa?"

Mama wa watu hakufahamu. Nani, aliuliza, aliye na akili zake, atakayelitia gauni katika moshi?

Khole alimwambia amfuate.

Chumba cha wageni kilikuwa kizuri. Mito ya Kiarabu, dale ya shaba, lile birika la kahawa, sinia la halwa, chetezo pembeni. Wale wasichana kumi na wawili wamekaa wamejipaka uso nusu nusu kwa mazoezi. Aflah alikuwa mlangoni anatazama saa, saa sita na dakika arobaini. Bi Manal alikuwa anamimina.

"Nipe na mie, shoga," alisema Khole, akakaa karibu yake.

Akapewa finjani. Hakunywa. Akatoa mkobani puleki ya plastiki aliyoikwanyua kwenye nguo za siku hizi, akaitia. Ikaelea inang'ara. Akaitoa kwa ukucha, akaiweka sahanini. Kisha akafungua kikaratasi cha Aflah, akaitia ile ya ufagioni.

Wasichana wakainama kutazama. Puleki ilielea kidogo. Ikajikunja ukingo. Ikalainika, ikawa tone, tone likawa uzi mwekundu ndani ya kahawa, na uzi ukapotea. Na kahawa yenyewe haikuwa na moto hata wa kuunguza ulimi.

"Chetezo chako kina moto kuliko hii," alisema Khole.

Bi Manal aliiweka dale chini, taratibu, kama kitu kinachoweza kuamka.

"Udi uliomo kwenye ule mfuko umeungwa kwa sukari, miski na mawaridi makavu, na una kijiti kimoja cha mdalasini ambacho kila mtu alimwambia mwenyewe asikitie, akakitia," alisema Khole. "Nna kopo lake nyumbani. Naletewa kila Idi. Na wewe hukuwa na ufunguo wa Loai wala wa wageni. Ulichukua wa mwanao, ule usiohesabiwa."

Aflah akasema mama. Akasema mara ya pili.

"Lilikuwa linanuka, Khole," alisema Bi Manal. Alisema chini chini, kwa Kiswahili cha utotoni. "Linanuka kafuri na jasho la miaka mia. Wake za wakubwa watakaa mbele kabisa, jina la mwanangu liko mlangoni. Nimwache mgeni wangu aaibike na nguo inayonuka? Nimesoma kile kikaratasi. Sikulilowanisha. Sikulipiga pasi. Nikalitandaza juu ya kitenga, nikaweka chetezo chini kama ninavyoweka nguo zako na zangu. Nikarudi likawa linadondoka."

"Na sasa liko wapi? Darsait?"

Bi Manal akaitikia kwa kichwa. Kwa fundi wao, yule wa nyuma ya duka la betri. Amempa puleki mpya, nyekundu, nzuri kuliko zile. Fundi amekwisha kuzikwanyua zilizobaki ili azishone mpya vizuri.

Khole akamtafsiria Bi Noreen hayo mpaka hapo. Bi Noreen akakaa. Aliushika ule mkasi kwa mikono miwili, na msichana mmoja wa safu akaja akakaa chini karibu na magoti yake.

"Sikiliza, shoga," alisema Khole. "Gauni sina ugomvi nawe. Mie ningelinusa, na mie ningelifukiza, na kofia ya kuogea ningekivika kile kidude cha darini vile vile, kisipige kengele. Hilo kosa. Mungu anasamehe na Bi Noreen akitaka atasamehe. Nakuuliza jingine. Saa mbili na nusu asubuhi, mkoba wa yule mama unamiminwa mezani, ulikuwa wapi?"

"Khole."

"Wapi?"

"Hapa."

"Umekaa kiti hiki?"

"Hiki."

"Ukifanya nini?"

Bi Manal alikuwa anaitazama dale. "Nikimimina kahawa," alisema.

Hata msichana wa Kizungu asiyejua neno alijua kwamba kumesemwa kitu.

Aflah akaingia kati. Alisema kwa haraka, kwa lugha mbili, kwamba haina haja ya kufika mbali. Gauni limepatikana, alhamdulillahi, khalas. Yule mama atapewa barua nzuri. Tikiti imeshakatwa, visa imeshafutwa, na pengine mwenyewe anatamani kuona wanawe. Wangesema tu kwamba ilikuwa kutofahamiana. Hakuna haja ya kumtaja mtu, mwanamke mzima, mbele za wageni.

Khole akainuka. Goti lilipiga kama kuni kavu.

"Mtu huambiwa mnyonge mnyongeni na haki yake mpeni. Wewe umeshika nusu ya mwanzo ukaona inatosha," alisema. "Juzi mamako kanialika kwenye mazoezi, nikakuona. Yule binti wa glavu anasingiziwa bangili na tajiri, anafukuzwa dukani analia, na wewe unajifuta macho kwa kilemba. Umewalipia watu hawa ndege toka ncha ya dunia waje wakuimbie jambo hilo. Nyuma yako yule mama anafagia. Mbele za wageni ulimsachi. Mbele za hawa hawa, hesabu yao hii hii, asikose hata mcheza kinanda. Mwite."

"Bi Khole, huyu mama yangu."

"Na yule wa watu watatu huko Tanga. Mwite, au nampigia mimi polisi, na simu ya kwanza nawapa picha za Loai."

Aflah akatoka. Kwa muda wa dakika nne chetezo kikawa kinapasua sukari yake kidogo kidogo. Mcheza kinanda akaitwa, akaja na karatasi zake za muziki kifuani. Loai akaja akasimama nyuma ya mlango, akavutwa ndani na Khole kwa kola.

Mwanahamisi akaingia. Begi la samawati mkono mmoja, boksi la dhahabu na leso mkono wa pili, kwa kuwa hakuna aliyemwambia anaitiwa nini na saa ilikuwa imeshakaribia saba. Akasimama pale pale alipokuwa amesimamishwa asubuhi, mbele ya meza.

Bi Manal akainuka. Ilimchukua muda. Akasema, na kila neno alilipandia kama ngazi, kwamba gauni alilichukua yeye, aliliharibu yeye kwa kulifukiza, alilificha yeye. Kwamba asubuhi alijua na akanyamaza. Akamwomba radhi, akamwita mwanangu. Akasema visa itarudishwa, Aflah atakwenda mwenyewe leo leo, na mshahara, na nini, na kama anataka kwenda kuwaona wanawe basi aende na arudi kwa heshima yake. Machozi yalikuwa yanamtoka kweli, Khole alimjua, huyo hakuwa mtu wa machozi ya kununua.

Mwanahamisi alimsikiliza mpaka akamaliza. Kisha akauliza, kwa sauti ya mtu anayeuliza njia, kama watu wote wa asubuhi wapo. Khole akamwambia wapo.

Basi akaliweka begi chini. Akaweka juu ya meza lile boksi la halwa, utepe wake haujafunguliwa, na juu yake ile doti ya leso, akalinyoosha pindo lake. Akasogeza vyote mpaka mbele ya Bi Manal.

"Mlinisachi mkakosa pa kutazama," alisema. "Kitu cha watu nilicho nacho ni hiki."

Akachukua begi lake. Akamwambia Aflah kwamba tikiti ataitumia, maana ni kweli ana watoto. Na barua aiandike sasa hivi, yeye anangoja hapo hapo amesimama, na ndani yake aandike jina la mama yake, kwamba ndiye aliyelichukua gauni.

Bi Noreen akamvuta Khole mkono. Aliuliza yule mwenye begi amesema nini. Aflah akatazama sakafu, Loai akatazama dari, na Bi Manal alikuwa amekwisha kukaa.

Khole ndiye aliyemtafsiria. Alimtafsiria kwa Kiingereza cha bandarini, neno kwa neno, polepole na kwa sauti, ili wasichana wote kumi na wawili wasikie, na Aflah asikie mara ya pili.